Mbao ngumu za sakafu kwa sehemu zenye pilika nyumbani: msinunue kwa namba ya ugumu peke yake

Mleta uzi

Wakuu habari zenu. Naleta huu uzi kwa sababu kila anayetaka kuweka mbao sakafuni swali lake la kwanza ni lile lile, mti upi mgumu kuliko yote, na mi mwenyewe ndo nilianzia hapo hapo na likanigharimu koridoo nzima. Ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Kwetu mlango wa mbele unafungukia kwenye koridoo, na hiyo koridoo ndo inapeleka jikoni, sebuleni na vyumbani, njia nyingine hakuna. Tuko watu watano na mbwa mmoja mkubwa. Watoto wakitoka nje na kurudi mara ishirini kwa siku ni hapo hapo wanapita. Sasa nikasema kama ni hivyo nataka mbao ambayo haisikii kitu, nikaingia kwenye majedwali ya Janka nikaanza kushuka na kidole.

Kwa asiyejua, Janka ni kipimo cha ugumu wa mbao, kimetokana na jina la Gabriel Janka wa Austria aliyekianzisha mwaka 1906. Wanachukua mpira wa chuma wenye kipenyo cha milimita 11.28 wanausukuma kwenye ubao mpaka nusu ya mpira izame, afu wanasoma imetumika nguvu kiasi gani. Paini nyeupe inacheza kwenye pauni 380 hivi, walnati 1,010, mvule 1,260, mwaloni mwekundu 1,290, mwaloni mweupe 1,360, mepo ngumu 1,450, hikori 1,820, jatoba inafika 2,350. Nikaona jatoba, nikaona 2,350, nikafunga mjadala. Tena nikachukua ile yenye rangi nzito na vanishi ya kung'aa kama kioo maana dukani ilikuwa inapendeza sijawahi kuona.

Miezi mitatu haikuisha. Asubuhi jua likiingia kwa mlango linapiga sakafu kwa chini chini, unaona mikwaruzo kama utando wa buibui kuanzia mlangoni mpaka jikoni. Vumbi nalo unafuta saa mbili, saa nne limerudi linaonekana lote. Mke wangu akawa anafuta sakafu mara tatu kwa siku, nilikuwa namwonea huruma kwa kweli.

Nikamwita fundi, mzee mmoja ambaye ameweka sakafu za mbao maisha yake yote. Akapiga magoti, akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo, akaniambia kitu ambacho ndo sababu ya uzi huu: mwanangu, mbao yako haijaumia hata kidogo, kilichoumia ni vanishi. Janka inakwambia kitu kizito kikianguka au mguu wa kiti ukikaa sehemu moja, mbao itabonyea au haitabonyea. Haikwambii kuhusu kukwaruzwa. Kinachokwaruza ni mchanga chini ya viatu, na mchanga mwingi ni kwazi, yale madini magumu ya mawe, ni mgumu kuliko vanishi yoyote inayopakwa nyumbani. Ukiweka ile vanishi juu ya mti mgumu au mti laini, mchanga unaikwaruza vile vile.

Nilibaki nimesimama tu.

Sasa kuna kosa la pili ambalo ni langu na ndo kubwa zaidi. Yule mzee aliniambia pale karibu na mlango vanishi imeanza kuwa nyembamba, tuisugue kidogo kwa msasa laini tupake mkono mmoja mpya sasa hivi kabla haijafika kwenye mbao. Kazi ya siku moja. Mi nikasema tutafanya baadaye. Baadaye ikawa mwaka na zaidi, vanishi ikaisha kabisa pale watu wanapokanyaga, maji ya viatu vya mvua yakaingia kwenye mbao tupu, ikapauka ikawa na rangi ya jivu. Hapo hakuna tena cha kupaka juu, ikabidi koridoo yote ipigwe msasa mpaka mbao safi itoke, tukahama kwenda kulala kwa ndugu, vumbi mpaka ndani ya makabati. Na jatoba inabadilika rangi kwa mwanga, inazidi kuwa nyekundu iliyoiva, kwa hiyo hata ukisema usugue kipande kibovu tu kinatoka cheupe kuliko wenzake.

Tulipokuja kuweka sebuleni na jikoni nilichagua kwa utaratibu mwingine kabisa. Mwaloni mweupe, rangi ya kati, si nyeusi si nyeupe sana. Finishi isiyong'aa. Na ubao umepigwa brashi ya waya kwa juu, ile inatoa nyuzi laini za mbao zinabaki zile ngumu, ukipitisha kiganja unasikia mistari. Ina miaka sita sasa. Mikwaruzo ipo, nisiseme uongo, ila inabidi upige magoti uitafute. Mwaloni una mistari mingi mikubwa, mkwaruzo unapotea humo. Mepo ni ngumu kuliko mwaloni lakini uso wake ni laini umetulia hauna mistari, kidonda kidogo tu macho yanaenda pale pale.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa sehemu za pilika: angalia kwanza mng'ao, rangi na mistari, afu angalia hiyo sakafu itafanywaje upya ikichoka, namba ya Janka iwe ya mwisho. Ukiwa juu ya 1,200 hivi kwa nyumba ya kawaida yenye watu uko salama, kupanda kutoka 1,360 kwenda 2,350 hakukupi kile ambacho watu wanafikiri kinawapa.

Karibuni wenye maswali, na mafundi mliomo mnisahihishe.

Mdau

Asante sana mkuu, umeniokoa, nilikuwa nishaweka oda ya walnati kichwani. Swali, sisi chini ni zege, si fremu ya mbao. Fundi mmoja anasema niweke mbao nzima nzima, mwingine anasema ile ya matabaka. Wa matabaka nawaona kama wananiuzia plaiwudi.

Mleta uzi

Kaka juu ya zege mi ningekwenda na ya matabaka bila kufikiria mara mbili, na sebuleni kwangu ndo ilivyo. Si feki, juu ni mti wenyewe kabisa, chini ni plaiwudi ambayo nyuzi zake zimepishana, tabaka moja linaenda hivi lingine hivi, kwa hiyo haivimbi na kusinyaa ovyo. Ubao mzima unavimba kwa upana wake kila unyevu ukipanda, kwa urefu hausogei sana. Mwaloni mweupe wa upana wa milimita 125 uliokatwa kwa kawaida, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4 tu, unasogea karibu milimita 2. Huo wa milimita 60 unasogea chini ya 1. Ndo maana mbao pana zinapendeza dukani afu msimu wa ukame unaona mianya inaingia sarafu.

Kitu cha kuuliza kwenye hizi za matabaka ni kimoja, ile mbao ya juu ina unene gani. Zipo za milimita 0.6, hiyo ni karatasi, ikichakaa umemaliza, huwezi kupiga msasa. Zipo za 2, unaweza mara moja kwa uangalifu na fundi mzuri. Zipo za 4 mpaka 6, hiyo sasa unakaa nayo kama ubao mzima, maana hata ule ubao mzima wa milimita 19 huupigi msasa wote, unaishia pale juu ya ulimi unaoingia kwenye mfereji wa ubao wa pili, ambayo ni kama milimita 6 hivi. Watu wanadhani wamenunua milimita 19 za kusugua, hapana. Yangu ya sebuleni ni 4.

Fundi

Mleta uzi umeongea vizuri, niongezee hapo kwenye zege maana ndo tunagombania na wateja kila siku. Zege jipya lina maji mengi sana ndani, linakauka polepole, sisi tunahesabu kwa kukadiria kama mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene, na hiyo ni kukiwa na hewa nzuri. Juu unaliona kavu, usilidanganyie. Pima. Mteja akiniambia fundi harakisha mi naondoka, kwa sababu mbao zikivimba miezi minne baadaye anayeitwa tapeli ni mimi. Na hata likiwa limekauka weka kizuia unyevu kati ya zege na mbao.

Mbao zenyewe zikija usizipige siku hiyo hiyo. Zifungue zikae ndani ya nyumba ambayo plasta na rangi vimeshakauka, madirisha yameshawekwa, zizoee hewa ya humo. Usihesabu siku, tumia mita ya unyevu, pima mbao, na kama chini si zege bali ni sakafu ya mbao pima na hiyo, kwa mbao nyembamba tofauti isizidi asilimia 4, hizi pana isizidi 2. Pembeni kwenye ukuta acha nafasi ya milimita 10 mpaka 12, skatingi itafunika. Nimeshaona sakafu imenyanyuka katikati kama kilima kwa sababu fundi alizibana mpaka ukutani, mteja akadhani chini kuna mizizi ya mti.

Na koridoo laza mbao kwa urefu wa koridoo, usikatishe. Watu wanatembea kwa urefu, mikwaruzo inaenda sambamba na nyuzi, haionekani sana.

Mdau mwingine

Sisi tuna mbwa wawili na paka, na jikoni nataka mbao pia, dada yangu anasema nimechanganyikiwa jikoni ni vigae tu. Msaada jamani.

Mleta uzi

Dada jikoni inawezekana kabisa, mi ninayo. Maji yakimwagika na ukayafuta hakuna shida, shida ni maji ambayo hamjui yapo. Bomba chini ya sinki linalovuja tone tone, mashine ya vyombo, friji yenye mfereji wa barafu. Kila baada ya wiki kadhaa mi natia kichwa chini ya sinki na tochi, imeshakuwa mazoea. Mwaloni mweupe unasaidia hapa kwa sababu vitundu vyake ndani vimejiziba kiasili, ndo mti wanaotengenezea mapipa ya kuhifadhi vimiminika. Mwaloni mwekundu vitundu vyake viko wazi, maji yanapita kirahisi. Majina yanafanana watu wanadhani ni rangi tu. Ila bafuni mi sikushauri, bafuni weka vigae.

Mbwa sasa. Kucha za mbwa zinafanya vyote viwili, zinakwaruza vanishi na mbwa mzito akikimbia akikata kona anaacha vibonyeo. Kwa hiyo hapa ugumu una maana kidogo, usiende kwenye walnati wala cheri wala paini kama hutaki kuumia moyo. Ila wa kwangu ana kilo arobaini na sakafu iliyopigwa brashi imemficha vizuri. Kata kucha zao mara kwa mara, na pale kwenye bakuli la maji weka mkeka. Kitu kimoja, mikojo ukiichelewesha inaingia ndani inaacha doa jeusi kwenye mwaloni, na hilo doa linashuka, msasa mara nyingi hauliondoi.

Mdau

Na vanishi ni ipi sasa? Nikiuliza naambiwa ya mafuta, ya maji, ya kiwandani, nta, kichwa kinauma.

Fundi

Ngoja nikueleze ninavyowaeleza wateja.

Iliyopakwa kiwandani mara nyingi ina chembe za oksidi ya alumini ndani, ni ngumu sana, kwa mikwaruzo midogo inastahimili kuliko unayopaka nyumbani, na ukimaliza kupiga mbao unahamia siku hiyo hiyo. Shida yake ikikwaruzika kweli huwezi kurekebisha sehemu moja, na kupaka mkono mpya juu yake inahitaji maandalizi, vanishi mpya inaweza kukataa kushika. Halafu kati ya ubao na ubao kuna kamfereji kadogo, uchafu unakaa humo.

Ya mafuta unayopaka nyumbani inaipa mbao unjano unaopendeza, inakauka taratibu, mkono kwa mkono siku nzima, harufu yake lazima muhame. Ya maji haibadilishi rangi sana, inakauka kwa saa chache, na zile za kuchanganya vitu viwili ndo naweka mimi kwenye sehemu za pilika. Zote mbili zikikauka usidhani zimekomaa, ya mafuta inaweza kuchukua mwezi mzima, kwa hiyo kapeti usitandike mapema itaacha alama.

Kuna mafuta yenye nta ngumu. Hii haikai juu kama ngozi, inaingia ndani ya mbao. Inachoka haraka zaidi njiani, lakini ikichoka unasugua pale pale palipochoka unapaka kidogo, unafuta, hakuna anayejua. Mwenye moyo wa kuihudumia sakafu yake namshauri hii. Asiye na muda namwambia wazi aiache.

Na hii naomba msome wote: vitambaa vilivyolowa mafuta ya mbao vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Si utani. Mafuta yakikauka yanatoa joto, ukivikunja ukavitupa kwenye pipa joto linajikusanya mpaka vinashika. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji kwanza. Mwanafunzi wangu alivirundika stoo, tulikuta moshi, bahati nzuri tulikuwa bado tupo pale.

Mdau mwingine

Duh, hiyo ya vitambaa sijawahi kuisikia, asante fundi. Mleta uzi, kwa hiyo we sasa unajuaje muda wa kupaka mkono mpya umefika? Maana hapo ndo ulipoumia.

Mleta uzi

Tone la maji. Nadondosha matone machache pale mlangoni na mbele ya sinki, sehemu zinazokanyagwa zaidi. Yakikaa juu kama shanga, vanishi ipo. Yakianza kuingia na mbao ikawa nyeusi ndani ya dakika chache, umechelewa au uko mlangoni mwa kuchelewa. Mi siku hizi sisubiri hata hapo, nikiona njia ya watu imefifia ukilinganisha na pembeni namwita fundi.

Na mengine ya kila siku ambayo yamenisaidia kuliko hata uchaguzi wa mti: mkeka wa manyoya magumu nje ya mlango na mwingine wa kitambaa ndani, mrefu wa kutosha mguu ukanyage angalau mara mbili kila upande, hapo mchanga mwingi unabaki. Usiweke wenye mpira mgumu chini, mpira unaweza kubadilisha rangi ya vanishi. Vibandiko vya felti miguu ya viti vyote, na mvibadilishe, maana vikishika mchanga vinageuka msasa. Viti vya magurudumu tafuta magurudumu laini. Kufagia au kunyonya vumbi kila siku, na kitambaa kiwe na unyevu tu, kimekamuliwa haswa. Ile mashine ya kudeki kwa mvuke wa moto msiilete karibu na mbao, mvuke unasukumwa kwenye maungio unapanda chini ya vanishi, jirani yangu sakafu yake ilikuwa nzuri kuliko yangu ikawa na utando mweupe.

Mdau

Mkuu la mwisho nisikusumbue. Daraja la mbao, dukani kuna safi isiyo na macho, yale mafundo ya matawi, na kuna yenye macho na rangi mchanganyiko. Na ninunue kiasi gani cha ziada?

Mleta uzi

Hujanisumbua kabisa kaka. Daraja halina uhusiano na uimara wa kukanyagwa, ni sura. Kwa sehemu ya pilika mi ningechukua yenye macho na rangi mchanganyiko, kwa sababu ubao uliojaa habari zake unapokea alama mpya bila kushtuka, ule safi mweupe kila kitu kinasimama peke yake. Hakikisha tu macho yawe yamezibwa vizuri, yasiwe ya kutoka.

Ziada ongeza asilimia 10, ukilaza kwa mshazari 15. Na ukimaliza usirudishe zote, weka boksi moja ndani ya nyumba, si nje stoo, zizeeke kwenye hewa ile ile. Sisi mtungi wa gesi uliangushwa jikoni mwaka wa pili, mbao mbili zikapasuka, fundi akazitoa akaweka za kwenye boksi.

Kabla hujalipa omba sampo mbili tatu kubwa, ziweke pale pale mlangoni kwako wiki nzima, watu wazikanyage na viatu vyao, asubuhi jua likiingia nenda kaziangalie ukiwa umechuchumaa. Ukizifanyia hivyo ulete majibu hapa tuone.

Mdau

Nimezitandika leo. Mwaloni wa brashi, hikori na mepo. Mbwa wa jirani tayari kashapita juu yake, narudi wiki ijayo na picha.